Kumfundisha mtoto kujiokoa majini Lamu: bwawa, bahari, au kwanza mlango wa bafuni?

Siku hizi karibu kila mama mdogo hapa Lamu ameshaiona ile video. Kichanga wa miezi saba au minane, kavaa nguo zake kamili, anaangukia bwawani kifudifudi, anajipindua mwenyewe, anaelea chali huku akilia, na watu pembeni wanashangilia. Ikishatazamwa hutumwa kwa shangazi, kwa wifi, kwa kundi la majirani, na swali huifuata: na sisi tunaoishi maji yako mlangoni, mbona wetu hatuwafundishi hivi?

Swali ni la haki. Mtoto wa Lamu au wa Malindi lazima ajue kuogelea, hilo halina ubishi. Lakini njia za kumfikisha huko ni kadhaa, kila moja ina umri wake, na hii inayopendwa sana kwenye simu ndiyo ninayoiweka nyuma.

Chini ya miaka minne: njia tatu

Tuanze na hiyo ya video. Asili yake ni Marekani. Harvey Barnett aliyaanzisha mafunzo hayo Florida mwaka 1966, na shirika lake, Infant Swimming Resource, ndilo linalojulikana zaidi. Hupokea watoto kuanzia miezi 6. Somo ni la mwalimu mmoja na mtoto mmoja, dakika 10 tu kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa. Asiyetembea bado hufundishwa jambo moja: kujigeuza chali, kutulia na kupumua mpaka mtu amfikie. Anayetembea huongezewa: aogelee kidogo uso ukiwa ndani ya maji, ajigeuze chali avute pumzi, ageuke tena aendelee mpaka akamate ukingo.

Tusiwaonee, watoto hujifunza kweli. Walimu wake wamesomea kazi hiyo, na zile dakika 10 hazikuwekwa ovyo, kwa sababu kichanga hupoteza joto upesi na kuchoka upesi. Tatizo liko kwingine. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, kinasema hakuna ushahidi kwamba kumfundisha kuogelea mtoto wa chini ya mwaka 1 kunapunguza hatari ya kuzama. Kuelea mbele ya mwalimu kwenye maji tulivu yenye uvuguvugu ni jambo moja. Kuelea baada ya kuteleza kwenye ngazi za gati, mashua zinagongana na maji yana mafuta ya injini, ni jambo jingine. Isitoshe, kichanga hakai vilevile: miezi michache tu na uzito wake, urefu wake na kichwa chake vimebadilika, kwa hiyo mafunzo hurudiwa, na aliyelipa hulipa tena.

Wapo pia wanaosema kichanga huzaliwa akijua kuogelea. Sivyo. Ukimtia majini mtoto mchanga, mwili wake huziba pumzi na kurusha miguu wenyewe, na hali hiyo hufifia anapokaribia miezi 6. Hata ikiwapo, haimwezeshi kuinua kichwa na kuvuta hewa, na bila hewa hakuna kuogelea.

Kinachonitia hofu zaidi kwetu ni kuiga. Mwalimu hayupo, lakini mjomba mwenye simu yupo. Mtoto mdogo akimeza maji mengi ya bwawa, chumvi ya damu yake hupungua. Hulegea, hutapika, na anaweza kupata degedege. Mafunzo haya hayaigwi kwa kutazama video. Kama huna mwalimu aliyesomea, yafute kwenye orodha yako.

Njia ya pili ni bwawa, mzazi akiwa ndani ya maji pamoja na mtoto. Hii haina vishindo na haipendezi kwenye video: mama kamkumbatia mtoto, anamzoesha maji usoni, anampulizisha mapovu, anamfundisha kushika ukingo na kujikokota mpaka kwenye ngazi. Madaktari haohao wa Marekani walikuwa wakishauri mtoto asubiri mpaka miaka 4. Mwaka 2010 walilegeza msimamo, na katika tamko lao la 2019 wanasema masomo ya kuogelea kuanzia mwaka 1 yanaweza kupunguza hatari. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba watoto wa mwaka 1 hadi 4 waliopata masomo walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuzama, kwa asilimia 88. Takwimu hiyo hupenda kunukuliwa peke yake; watoto waliochunguzwa walikuwa wachache, na hakuna mtafiti aliyesema mtoto wa miaka 2 aliyesoma aachwe peke yake karibu na maji.

Kwa Malindi njia hii ni rahisi kuipata, kwa sababu hoteli zenye mabwawa ni nyingi na baadhi hupokea wageni wa mchana kwa kiingilio. Lamu mabwawa mengi yako upande wa Shela na Manda, na kwa familia ya kawaida gharama yake si ya kila juma. Ukiipata, sawa, mpeleke. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mama naye huingia majini. Ukimaliza, mtoe majini na umtoe pia kwenye eneo la bwawa, maana bwawa la hoteli lisilo na uzio ni hatari hata baada ya somo kwisha.

Njia ya tatu haina maji kabisa, na ndiyo ninayoiweka mbele kwa umri huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5. Kwa watoto hao wadogo, shirika hilo halianzi na kuogelea. Linaanza na kizuizi kati ya mtoto na maji, na mahali salama pa kukaa mtoto mchana akiangaliwa na mtu mzima. Kuogelea linakuweka kwa watoto kuanzia miaka 6.

Sasa itazame nyumba ya Lamu kwa macho ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kuna birika la kuhifadhia maji bafuni, ukingo wake unamfika kifuani, na ndani mna maji meusi kwa kivuli, pengine na visamaki vilivyowekwa kula viluwiluwi vya mbu. Nani asingechungulia samaki? Kuna ndoo ya lita 20 iliyojazwa alfajiri maji yalipotoka. Kuna beseni la nguo zilizorowekwa. Uani kuna kisima, na kifuniko chake ni bati lililowekewa jiwe. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinamia ndoo akapinduka, mikono haina nguvu ya kumrudisha nyuma, na ndoo yenye maji haianguki. Maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kuziba pua na mdomo. Hapo hakuna darasa la kuogelea litakalomsaidia, kwa sababu hana nafasi hata ya kujigeuza.

Kwa hiyo kabla ya kulipia somo lolote, fanya haya. Mlango wa bafuni uwe na komeo la juu, mahali mkono wake haufiki. Ndoo za akiba ziwe na vifuniko vya kubana, na zisizo na kifuniko zimwagwe baada ya kazi. Birika liwekewe ubao mzito au wavu wa chuma. Kisima kiwe na kifuniko chenye bawaba na kufuli, maana jiwe huondolewa na kila anayeteka, na si kila anayeteka hulirudisha. Nyumba za pwani zina ngazi nyingi na milango inayobaki wazi kwa ajili ya upepo. Geti dogo la mbao kwenye mlango wa nje huacha upepo upite na mtoto abaki. Vyote hivi ni kazi ya siku moja ya seremala.

Kisha mwangalizi. Nyumba yenye watu wanane inaweza kuwa nyumba ambayo hakuna amwangaliaye mtoto, kila mmoja akidhani yuko na mwenzake. Mtajwe mtu kwa jina: "Bi mkubwa, mtoto yuko kwako mpaka nitoke jikoni." Bangladesh walilifanya hili kwa mpango. Walianzisha vituo vya kijijini viitwavyo Anchal, ambako mwanamke wa kijiji huangalia watoto wa mwaka 1 hadi 5 saa za asubuhi mama zao wanapokuwa kazini, na vifo vya kuzama kwa watoto waliokuwa humo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hakuna aliyewatia majini. Waliangaliwa tu, tena kwa saa zilezile ambazo watoto wengi huzama.

Miaka minne hadi kumi: kaka mkubwa au mwalimu?

Shule ya kuogelea ya Lamu ni ya zamani na haina ada. Alasiri maji yakijaa, wavulana hushuka usita wa pwani, njia ya ukingoni mwa bahari, wakaruka kutoka kwenye gati. Mdogo wao kabisa kakumbatia dumu tupu la mafuta ya kupikia, kifuniko kimekazwa, anapiga miguu kati ya mashua zilizofungwa. Dumu likimponyoka, kuna binamu wa kumvuta. Mwaka haupiti ameliacha.

Njia hii nisingeidharau. Mtoto aliyefunzwa hivyo anaijua bahari yenyewe. Anajua kwamba maji yakitoka kwenye mkondo kati ya Lamu na Manda hutoka na mtu kuelekea Shela na bahari kuu, na kwamba hayashindwi kwa nguvu. Unakata upande, unaelea nayo, unatafuta mahali pa kutokea. Anajua bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, na anajua maji mafu, siku mkondo unapokuwa dhaifu. Aliyesoma bwawani peke yake hana hata moja katika hayo, na nimeona vijana waliojifunza vizuri hotelini wakishika kamba ya mashua kwa hofu mara tu mkondo ulipowagusa.

Ila kasoro zake ni nzito. Mwangalizi ni mtoto mwenzake. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye sinema: mdomo unapanda na kushuka usawa wa maji, kichwa kimerudi nyuma, mikono inasukuma maji chini, kisha basi, mara nyingi ndani ya dakika moja. Binamu wa miaka 10 anayeshindana kuruka hatakiona hicho. Boti za injini nazo hupita palepale. Na wapo watu wazima wanaoamini dawa ya woga ni kumtupa mtoto majini ajitafutie. Wengine hutoka waogeleaji. Wengine hutoka na hofu ya miaka mingi, na mwenye hofu akianguka hukakamaa.

Kasoro ya mwisho ni wasichana. Wadogo huoga pwani pamoja na wote, lakini wakifika miaka 9 au 10 huwaoni tena. Hakuna aliyetangaza marufuku. Huondoka tu, kwa sababu hakuna mwalimu mwanamke, hakuna saa yao na hakuna mahali pao. Baadaye hawa ndio mama wanaovuka na watoto wawili kwa boti kutoka Mokowe au kwenda Faza. Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje ulionyesha kwamba jambo hili lina dawa: wasichana walifundishwa na wanawake, wakivaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili wote na kichwa. Hilo Lamu linawezekana bila kumuudhi mzee yeyote.

Mwalimu, kwa upande wake, huleta kipimo. Bangladesh hiyohiyo ina mpango wa SwimSafe kwa watoto wa miaka 4 hadi 12, na hawajengi mabwawa ya vigae. Wanatumia madimbwi ya kijiji, wamefunga jukwaa la mianzi chini ya maji ili mtoto apate pa kusimama. Mtoto hufuzu akiogelea mita 25, akielea sekunde 30, na akijua kumwokoa mwenzake kwa kumnyooshea kitu bila yeye kuingia majini. Kipimo cha Msalaba Mwekundu wa Marekani kina hatua tano: aingie maji yanayozidi kimo chake, arudi juu aelee dakika moja, azunguke atafute pa kutokea, aogelee kama mita 23, atoke bila ngazi.

Hiyo ya kutoka bila ngazi ndiyo ningeikazia Lamu. Ngazi za ukuta wa pwani zina utelezi wa kijani, na maji yakikupwa ngazi ya mwisho huwa juu ya kichwa cha mtoto. Mtoto anayeweza kuelea na hawezi kupanda mashua bado hajafuzu.

Ukimpata mwalimu, au kama wazazi wa mtaa mmoja mkimlipa kijana anayejua kazi, mtazame anavyofundisha kuelea. Mtoto anasimama kwenye maji ya kiuno. Mwalimu anamlaza, kiganja kimoja kwenye kisogo, kingine chini ya mgongo. Masikio lazima yaingie majini, na hapo ndipo watoto wengi hukataa: wanainua kichwa, wanakunja kiuno, makalio yanazama. Mwalimu mzuri hasemi "lala vizuri." Anasema, "Inua kitovu, tazama wingu." Kitovu kikipanda, miguu inafuata. Mkono wa mgongoni huondoka kwanza. Ule wa kisogoni huondoka kidole kimoja kimoja, mtoto akiendelea kusimuliwa habari za wingu. Maji ya chumvi humsaidia kuliko ya bwawa, maana humbeba zaidi. Siku za mwisho arudie yote akiwa na nguo zake, sare ya shule au kanzu, kwa sababu hakuna anayeanguka kutoka botini akiwa na nguo za kuogelea.

Saa nazo zina masharti. Usikubali darasa wakati maji yanatoka kwa nguvu. Chagua maji yamejaa na kusimama, na chagua siku za maji mafu, kuanzia tarehe 8 hivi na tarehe 22 hivi za mwezi mwandamo, mkondo unapokuwa dhaifu. Maji hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba itagongana na madrasa. Zungumzeni na mwalimu wa madrasa mapema kuliko kumtorosha mtoto. Miezi ya kusi, upepo wa kusini, upande wa Shela unaotazama bahari kuu haufai kwa mwanafunzi. Wa Malindi waongeze sharti lao: mvua zikinyesha, mto Sabaki humwaga matope na ghuba huwa rangi ya chai ya maziwa. Mtoto akizama kidogo tu humwoni. Siku hizo nendeni bwawani, au ahirisheni. Mtoni kwenyewe pasitajwe, kuna mamba na viboko.

Jaketi au maboya ya kupuliza

Hapa sina maneno mengi. Yale maboya ya plastiki ya kuvalishwa mikononi ni vitu vya kuchezea. Hutoboka, huchomoka mikononi, na humzoesha mtoto kusimama wima majini, mkao uleule wa anayezama. Jaketi la kuokolea maisha ni chombo, lakini litazame. Lenye alama ya 100 lina kola ya kuinua kichwa na limetengenezwa kumgeuza mvaaji uso uwe juu. Lenye 50 linasaidia tu mtu anayejua kuogelea. La mtoto liwe na mkanda wa kupita kati ya miguu, liwe saizi ya uzito wake. Mvalishe, mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likipanda mpaka masikioni, si lake. Boti nyingi zina jaketi za watu wazima peke yake, na mtoto wa miaka 3 huchomoka humo kwa chini. Anayesafiri mara kwa mara anunue la mwanawe aende nalo. Jaketi likikaa chini ya kiti cha nahodha, halijavaliwa.

Akitolewa majini hapumui

Kuelewa hili kunashinda darasa lolote la kichanga, na mama, bibi na dada wa kazi wote wanaweza kulijifunza. Usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, anza na pumzi: kwa kichanga mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja, pulizo 5 ndogo, uone kifua kikipanda. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha theluthi moja ya kifua, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo bila kuacha huku mwingine akitafuta boti au gari. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache, na hospitali haiko hapo ulipo. Akizinduka bado apelekwe, hata kama anacheka. Mafunzo ya huduma ya kwanza huchukua siku moja au mbili, na ukifanya kwa mikono yako kwenye mwanasesere hutosahau kama unavyosahau ulichosoma.

Basi uchague lipi?

Mwanao hajafika mwaka 1 na una pesa za jambo moja: seremala, halafu huduma ya kwanza. Ana mwaka 1 hadi 3, na bwawa linapatikana: ingia naye majini, lakini baada ya mlango na kisima. Ana miaka 4 au 5 na hana woga: aanze kuelea baharini, mtu mzima akiwa umbali wa mkono, si umbali wa macho. Ana miaka 6 na kuendelea: mwalimu na kipimo, na dumu la binamu liwe mazoezi ya jioni baada ya hapo, mtu mzima akiwa ametajwa. Mwenye kifafa, umri wowote, haingii hata birika bila mtu kando yake.

Na kama nyumbani ada inamtosha mtu mmoja tu, na mama hajui kuogelea, ningeilipa ya mama. Mtoto wa miaka 2 akianguka kati ya gati na boti, wa kumfikia ni yeye.